Lenzi ya Mkwe

Naanza na jambo ambalo kila mtu ananitupia usoni: lenzi iliingia. Ndiyo, iliingia. Niliiweka kwenye mdomo wa kamera yangu mbele ya mashahidi, nikaizungusha, ikalia tak, ikatulia kama imezaliwa hapo. Sasa wale wanaopenda kuniambia "lakini Mama Picha, si iliingia?" wameshajibiwa. Wakae pembeni waniache niseme yangu.

Kamera yenyewe ni ya zamani kuliko ndoa yangu, na ndoa yangu imeshakufa ikazikwa. Ni chuma kitupu. Haina betri, haina kioo cha nyuma cha kukuonyesha umepiga nini. Unatia filamu, unapiga, unaingia chumba cha giza kusafisha, ndipo unajua kama umepata au umekosa. Kwa kamera hiyo nimesomesha watoto wangu wote. Studio yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ninayoishi: dirisha kubwa upande wa kushoto, kiti kimoja kisicho na mikono, shuka la kijivu ukutani. Siku hizi kila mtu ana simu, na wanaokuja kwangu ni wachache, wale wanaotaka picha ya kutundikwa ukutani na si ya kufutwa simu ikijaa.

Lenzi yake ya kwanza ilikuwa na pete. Nieleze vizuri hapa, maana kisa chote kimekalia pete hiyo. Ndani ya lenzi kuna tundu la kupitishia mwanga, linafunguka na kujifinya kama mboni ya paka. Pete iliyozunguka shingo ya lenzi ndiyo inayoliamuru tundu lifunguke kiasi gani. Ndani ya nyumba unalifungua, nje juani unalifinya. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa unaijua pete ile kama unavyojua kitasa cha mlango wa chumbani umeme ukikatika.

Sasa mkwe wangu. Mume wa binti yangu wa mwisho ni kijana mwema, mpole, mwenye adabu. Nalisema hilo mapema kwa sababu huko mbele sitapata nafasi.

Ana ugonjwa mmoja tu: hawezi kuona kitu cha zamani akakiacha kipumzike. Alishanibadilishia jiko lililokuwa linawaka, na bomba lililokuwa linatoa maji. Siku moja nikiwa nimetoka, akaingia studio, akaiona lenzi yangu imechubuka rangi, akaihurumia. Akaibeba mpaka duka la kamera, kwa yule tunayemwita Bwana Orijino, kwa kuwa kila kilichomo dukani mwake ni orijino, hata kamba anayofungia mlango. Akaiacha lenzi yangu pale, akaongeza na za mfukoni mwake, akapewa mpya. Niliporudi niliikuta mezani imefungwa karatasi ya kung'aa, na yeye na binti yangu wamesimama kando yake wakitabasamu kama watoto waliofagia uwanja bila kutumwa.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi sikuuacha. Niliachishwa.

Nikafungua karatasi. Lenzi nyeusi, nyepesi, nzuri. Sisemi uongo, ilikuwa nzuri. Nikaipapasa shingo. Pete ya kulenga ipo. Pete ya mwanga hakuna. Nikaigeuza juu chini, hakuna. Nikamuuliza binti yangu pete imekwenda wapi, maana mkwe haulizwi hivyo. Mkwe akajibu kwa upole kwamba hata yeye aliuliza dukani, na Bwana Orijino akamwambia lenzi za siku hizi hazihitaji pete, zinajipanga zenyewe. Kampuni ni ile ile, mdomo ni ule ule, itaingia tu.

Nilitaka kusema: zijipange kwa kuambiwa na nani? Kamera yangu haina umeme hata wa kumshtua nzi. Lakini kwetu mkwe hajibizwi. Mama yangu aliwahi kunywa vikombe viwili vya chai yenye chumvi kwa sababu aliyekosea kopo alikuwa mkwe wake, na kikombe cha tatu akakikataa kwa kusema ameshiba. Nami ni mtoto wa mama yangu. Nikasema asante sana, mwanangu, Mungu akuzidishie. Nikaiweka. Tak. Nikachungulia, na chumba kizima kikaonekana kimejaa mwanga, safi kuliko nilivyopata kukiona. Kuijaribu kwanza kwa filamu mbele yake ingekuwa kumwambia mtoto wa watu kwamba zawadi yake naitilia shaka. Na kesho yake asubuhi dada yangu akaja, na muda wa kujaribu ukawa umekwisha.

Dada yangu ndiye mkubwa wetu. Kazi yake ni upishi wa shughuli: harusi, misiba, mahafali, popote penye sufuria kubwa. Ndiyo maana katika picha zote za familia, nilizopiga mimi na walizopiga wengine kwa simu, dada ni mkono wenye upawa pembeni, au mgongo unaoinama. Miezi hiyo ulikuwa umemtoka uvimbe ndani ya taya, upande wa kulia. Kwa nje huuoni. Madaktari waliupima, wakamweleza bila kumficha: taya la upande huo litatolewa, na uso hautarudi kama ulivyokuwa. Alikuwa analazwa kesho yake.

Hakulia mbele yangu. Alikaa kwenye kiti kisicho na mikono, akaweka mkoba sakafuni, akasema, "Nataka picha moja, mdogo wangu. Siyo ya simu. Ya kwako, ya dirishani, nikiwa na uso wangu wote." Akaongeza kwamba atakayemwinulia simu siku hiyo asimzike.

Alikuwa amevaa gauni la kijani na hereni za marehemu mama. Mkwe naye alikuwepo, amekaa karibu na mlango, mikono magotini, anasubiri kuona lenzi yake ikifanya kazi. Nikasogeza pazia. Nikapanga kasi ya kupokea mwanga, ile ile niliyoitumia miaka yote kwa dirisha lile. Mkono wangu wa kushoto ukaenda kutafuta pete, ukakuta plastiki laini, ukarudi. Nikachungulia.

Sijawahi kuona picha nzuri kama zile. Mwanga ulimshukia kutoka dirishani ukakaa kwenye shavu la kulia, lile lile. Kila alipogeuka, ukamfuata. Nilikuwa nataka kulia, na mimi nikitaka kulia huwa nagombeza, basi nikamgombeza. Nyoosha shingo. Acha kutazama mlango, hakuna anayekuja. Umekaa kama unasubiri sufuria ichemke. Naye akacheka kwa meno yote, na hapo ndipo nilipombonyezea nyingi. Nilipiga mpaka ikabaki moja tu kwenye filamu.

Tulitoka uani kupunga upepo. Jua la asubuhi lilikuwa limeshakuwa kali. Dada akanipokonya kamera, akasema mtu aliyepiga watu wote hao yeye mwenyewe hajapigwa hata siku moja. Nikapiga kelele asiguse kitu, imepangwa kwa mwanga wa ndani, jua litaiunguza picha yote, anaharibu filamu bure. Akalipa jua mgongo, akainua viwiko, akabonyeza huku bado namfokea. Basi nikajua hiyo moja imeshaharibika. Nikasema si kitu, zile nyingine zipo.

Upasuaji ulichukua muda mrefu, lakini alitoka salama. Nilipopata kupumua niliingia chumba cha giza. Nikasafisha filamu kwa uangalifu wote, nikaitoa majini, nikainyanyua kwenye taa.

Filamu ilikuwa nyeupe kama kioo cha dirisha. Kwa asiyejua: filamu iliyosafishwa ikiwa nyeupe maana yake mwanga haukuigusa, hakuna kitu, hakuna mtu. Nikapita picha moja baada ya nyingine. Mahali fulani palionekana uzi mwembamba, ukingo wa dirisha. Mahali pengine kitone kimoja, nadhani hereni. Dada yangu hakuwemo. Kwenye mkia wa filamu kabisa kulikuwa na picha moja tu, nzito, nzima, imejaa. Ile ya uani. Ile ya kuharibika.

Nikakaa juu ya ndoo. Sikulia. Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Uso wa dada yangu ulikuwa umeshakatwa, na mimi niliyepewa kuuhifadhi nilikuwa nimeshika utepe mtupu unaodondosha maji.

Kulipokucha nikafungua mgongo wa kamera ikiwa haina filamu, nikaielekeza kwenye ukuta mweupe, nikaweka jicho kwa nyuma, pale filamu inapokaa, nikabonyeza. Ndipo nikaliona. Kamera yangu ina kijiti kidogo kinacholishikilia tundu likae wazi wakati unachungulia, ili uone vizuri. Ukibonyeza, kijiti kinaachia, na tundu linarudi pale pete ilipoliamuru. Sasa pete haipo. Hakuna wa kuliamuru. Tundu likajifinya mpaka mwisho, likabaki kama tundu la sindano. Mimi nimeonyeshwa mchana, filamu ikapewa usiku. Nikabonyeza tena na tena, na kila nilipobonyeza likanifanyia vile vile.

Nikaenda kwa Bwana Orijino na kamera yangu kifuani. Alikuwa anapangusa kabati la vioo. Nilimweleza yote, akanisikiliza akitikisa kichwa kama anasikia habari za mbali. Kisha akaichukua kamera, akaitoa lenzi, akairudisha. Tak.

"Mama, si unaona? Imeingia."

Nikamfungulia mgongo wa kamera, nikamlazimisha achungulie, nikabonyeza. Akaona. Namjua mtu aliyeona, uso unabadilika kidogo kabla hajaurekebisha. Akasema basi tatizo ni kamera, imepitwa na wakati, ninunue mpya itakayoelewana na lenzi hii, anazo, orijino. Nikamuuliza lenzi yangu ya zamani iko wapi. Akasema imeshauzwa, tena ilikwenda upesi, kijana mmoja anaitumia kwenye kamera mpya kabisa kwa kiunganishi na inampa picha nzuri ajabu.

Hapo ndipo niliposimama vizuri. Hebu nielezwe na mwenye akili. Lenzi yangu kuukuu, iliyochubuka, inapelekwa kwa kamera ya juzi, inakubali, inafanya kazi, inasifiwa. Hii mpya inaletwa kwa kamera ya zamani na haiwezi kazi moja tu ya kuacha mwanga upite. Aliyeitengeneza alijua. Aliiondoa pete akiwa mzima wa akili, akauacha mdomo ule ule ili tudanganyike. Lau angebadilisha na mdomo ikakataa kuingia, ningemwita muungwana.

Nikamwambia Bwana Orijino, "Uliulizwa kama itafanya kazi, ukajibu itaingia. Hata kidole changu kinaingia puani mwako, lakini sijakileta hapa kukuuzia."

Wateja wawili walicheka. Yeye hakucheka, wala hakuomba radhi. Nikaondoka.

Nyumbani nilimkuta mkwe sebuleni na binti yangu. Nikakaa, nikamgeukia binti, nikasema mwambie mumeo zile picha za mama yako mkubwa hazipo. Mkwe alikuwa amekaa karibu kiasi cha kunipa chumvi bila kunyanyuka. Binti akamgeukia, akasema mama anasema picha hazipo. Mkwe akauliza hazipo vipi. Binti akanigeukia. Nikasema mwambie lenzi yake ni kipofu mwenye miwani mizuri. Mwambie siku nyingine akiona kitu changu kimechubuka, akiache kichubuke mpaka kiishe. Mwambie kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda chenyewe nimekipata mimi. Binti yangu, masikini, alikuwa anageuza shingo kama mtu anayevuka barabara. Mkwe akainamisha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo mwambie mama nimekosa. Akatoka siku hiyo hiyo kwenda kumtafuta yule kijana aliyenunua lenzi yangu, akazunguka, akaambiwa ameshahama mji. Akarudi, akakataa kula. Na hilo nalo likaniudhi: mtu akishakataa kula kwa ajili yako, hasira yako unaipeleka wapi?

Dada alipotoka hospitali aliletwa kwangu. Alikuwa amejifunika kanga kuanzia puani kwenda chini. Nyumba nzima ikawa inatembea kwa vidole. Binti alimsemesha kwa sauti ya kubembelezea mtoto. Mkwe alimletea mto, kisha mto mwingine. Mimi nilimlisha uji kwa kijiko huku nikitazama kijiko. Nikimfunga dawa, natazama bandeji. Nikiongea naye, naongea na ukuta ulio nyuma yake, na kila jambo alilosema nikamwitikia ndiyo dada, sawa dada, pumzika dada.

Asubuhi moja, maneno yakimtoka kwa shida na kuteleza, akaomba picha yake.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wa kila namna. Wote nikautupa. Nikamwambia kweli yote, pete, tundu, kijiti, Bwana Orijino. Nikamwambia umepotea, dada, na ni mimi niliyekupoteza, na nimekasirika mpaka silali. Kisha nikampa ile moja iliyotoka, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa.

Tundu lile la sindano lilikuwa limezuia jua lisiunguze, na limefanya kila kitu kionekane wazi bila ukungu, karibu na mbali: ufa wa ukuta, kamba ya nguo, kila jani la mchicha. Katikati nimesimama mimi, kidole juu, mdomo wazi, mishipa ya shingo imenitoka, ninafoka. Na chini, kutoka ukingo wa picha mpaka kwenye miguu yangu, kimelala kivuli cha dada, viwiko vimetoka huku na huku kama mikono ya sufuria.

Aliitazama kwa muda mrefu. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikaanza kunong'ona pole, pole dada, na yeye akanikata kwa mkono.

"Huyu yuko wapi?" akauliza, akigonga uso wangu pale kwenye picha. "Tangu nirudi sijamwona. Kila mtu humu ananisemesha kama maiti. Hata wewe. Unaniogopa mpaka hunitazami." Akapumzika, akameza mate kwa taabu. "Taya nimetolewa hospitali. Huyu mdogo wangu wa kwenye picha, umenitoa wewe. Nigombeze."

Sikuweza. Kisha nikaenda studio nikaichukua kamera na kile kiti kisicho na mikono, nikatia filamu, na ile lenzi ya laana bado iko mdomoni mwake kwa kuwa sina nyingine. Dirishani haifai. Inafaa mahali pamoja tu, juani, mchana kweupe, mbele ya majirani na kila mwenye macho, mahali ambapo dada tangu arudi hajakanyaga. Nikafungua mlango wa uani.

Akaniangalia. Akanyanyuka, akavaa ndala, akatoka. Mkwe alikuwa uani anaanika nguo. Akaona kamera, akataka kujificha nyuma ya shuka. Nikamwita mwenyewe, bila kupitia kwa binti, nikamwambia, "Mkwe, acha kujificha, njoo ushike kiti hiki, akichoka akikalie, hata wewe una kazi ya kufanya leo." Akaja mbio.

Dada akasimama karibu na kamba ya nguo, akaiteremsha kanga. Nilichungulia. Upande mmoja ulikuwa dada yangu. Upande wa pili ulikuwa umeingia ndani, na mshono umepita kutoka sikioni mpaka chini ya kidevu, mwekundu bado, unang'aa. Jua halikumficha chochote. Macho yakaniwasha, na nilipofungua mdomo ikatoka sauti yangu mwenyewe.

Nikamwambia nyoosha shingo, nani kakwambia shingo nayo imekatwa? Nikamwambia kanga hiyo imefuliwa lini, na gauni la kijani liko wapi, na hereni za mama kaziacha kwa nani, anataka kupigwa picha masikio matupu kama kuku? Nikamwambia yeye ndiye aliyegusa kamera yangu siku ile baada ya kukatazwa, hasikii tangu utotoni, na akipona vizuri ataosha sufuria zangu zote kwa adhabu.

Dada akaanza kucheka. Kicheko kilitokea upande mmoja tu, kikamwaga mate, akayafuta kwa kiganja, akaendelea kucheka.

"Nitazame mimi, usitazame huyo mkwe," nikamfokea, nikabonyeza.